Mama Hafi Ukurasa wa Kumi na Mbili

Niliota usiku wa jana, na ndoto yenyewe naiandika leo hii hii kwa kalamu ya mwanangu. Ningewasimulia kwa mdomo tukiwa shambani, lakini sauti imenikauka kabisa, na sababu yake mtaiona mbele. Kinamama wenzangu wenye mabinti wanaosoma vitabu, someni polepole. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo maneno makubwa hamtayakuta humu.

Kwanza kitabu. Binti yangu Skolastika, tunayemwita Skola, ana miaka kumi na minne na yuko kidato cha pili. Wiki iliyopita alirudi na kitabu kinene alichoazimwa na mwenzake wa darasani. Kinaitwa Kito cha Mabibi Tisa. Kinahusu nchi ya maajabu inayotawaliwa na wanawake, na binti mmoja aliyeteuliwa kwenda kutafuta jiwe linalowaka. Siku tano nzima mtoto alikuwa akiitwa hasikii. Maharage yaliungua naye amekaa hatua mbili kutoka jikoni.

Nikamuuliza huyo binti wa kitabuni amesafiri na nani. Akasema peke yake. Nikamuuliza mama yake yuko wapi. Akanijibu bila kuinua macho, "Alishakufa, mama. Ukurasa wa kumi na mbili."

Nikaenda kulala na neno hilo.

Wala msidhani utawala wa wanawake ndio ulionitisha. Sisi ni Waluguru wa Mgeta, ukoo wetu unafuata mama, na ngazi ya shamba la mlimani ninapolima kabichi ilikuwa ya mama wa mama yangu. Wanawake kuwa na sauti ni jambo nililolikuta. Kilichonisumbua ni ukurasa wa kumi na mbili.

Sasa ndoto.

Niko jikoni kwangu, asubuhi, jua limeshatoka. Nimeshika kisu na kiazi. Kiazi kinaniambia, "Mama Mteule, unasubiriwa."

Nikakiambia mimi naitwa Mama Skola.

"Huko unakokwenda jina hilo halipo," kikasema, kisha kikaniomba nisikate ganda nene, kwa sababu ganda ndilo njia.

Nikamenya kama ninavyomenya siku zote. Ganda likatoka refu bila kukatika, likashuka mezani, likapita mlangoni, likateremka kilima. Nikalifuata, maana siachi uchafu wa jikoni kwangu uzagae njiani. Nilipofika mwisho wake nilikuwa nimesimama juu ya ukurasa wa kwanza.

Ukurasa wa kwanza ni uwanja mweupe. Maneno yamepandwa kwa mistari, kama vitunguu kwenye matuta. Nilipita kwenye mifereji ili nisikanyage neno la mtu. Hata hivyo nilikanyaga nukta moja, ikanichoma kisigino.

Mwisho wa mstari wa mwisho kulikuwa na upanga umeegemea geti. Ulikuwa upanga mrefu, wenye mawe mekundu kwenye mpini, na ulikuwa unapiga miayo.

"Umechelewa," ukaniambia. "Unatakiwa ufe ukurasa wa kumi na mbili. Hadithi imeshafika wa nne."

Nikauliza ni nani aliyepanga.

"Ndiyo sheria ya hadithi za safari. Mama akishakufa, binti anaondoka."

"Kwani mama akiwa hai binti hawezi kutembea?"

"Kutembea anaweza," upanga ukasema. "Ila kila njia panda ataulizwa kama amekula. Hadithi haiendi."

Nikauambia sawa, nimeelewa, na binti mwenyewe ni nani. Upanga ukanitazama kwa mawe yake yote mekundu. Ukasema kila msichana anayefungua kitabu ndiye anayekuwa binti, na kwa sasa aliyekifungua ni Skolastika.

Nikauliza swali ambalo ningemuuliza mtu yeyote anayekuja kumchukua mwanangu. Nikauliza wanakwenda wapi na wanarudi lini.

Upanga ukaacha kupiga miayo.

"Mama Mteule, nimeshawasindikiza wasichana mia nne. Tunapanda mlima. Tunavuka jangwa. Tunapigana na joka ambalo halijamkosea mtu. Ukurasa wa mia tatu na arobaini tunafika darajani. Ng'ambo ndiko liliko jiwe. Daraja limejengwa nusu."

"Nusu nyingine?"

"Mwandishi alisema itafuata katika kitabu cha pili."

"Ikafuata?"

"Mpaka leo haujapigiliwa ubao hata mmoja."

Nikauliza wale wasichana mia nne wako wapi. Upanga ukasema wamesimama darajani, wanasubiri. Wenyewe huko nje walishafunga kitabu, wanakwenda shule, wanafua nguo, ila kuna kipande cha kila mmoja kimebaki pale kwenye mbao, kikitazama ng'ambo. Foleni ilikuwa imerudi nyuma mpaka ukurasa wa mia tatu na ishirini na sita.

Basi nikajua kazi yangu ni kukataa kufa. Kufa kwangu hakukuwa na faida kwa mtu. Nikageuka nirudi jikoni kuchukua kanga nyingine. Nilipogeuka hakukuwa na nyuma. Kulikuwa na ukumbi.

Ukumbi una nguzo za dhahabu na umenyunyiziwa maji kupunguza vumbi, kama zahanati yetu. Mabibi Tisa wameketi mbele. Nikapiga shikamoo tisa, moja moja, na nikaitikiwa marahaba tisa. Nywele zao zilikuwa nyeupe lakini nyuso hazina hata mkunjo. Nikaangalia mikono yao, kama ninavyofanya kwa mtu yeyote mgeni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kovu la mafuta ya moto.

Nikajua hawa hawakuzaliwa. Hawa wameandikwa.

Bibi wa kwanza, mrefu kuliko wote, akanikaribisha katika nchi ambayo wanawake ndio wanaotawala. Nikamshukuru. Nikamuuliza, katika nchi hii, nani anapika?

"Hapa wanawake wanatawala," akasema tena.

"Nimesikia, bibi. Nauliza nani anapika."

Wakainamiana, wakanong'onezana kwa muda. Bibi wa tano akanijibu kwa upole kwamba jambo hilo halijaandikwa. Nikauliza na nani anafua. Nalo halijaandikwa. Nikauliza wanaume wako wapi. Wakanionesha mmoja, ameketi kwenye mkeka pembeni, analia kwa sauti ya wastani. Alikuwa mliaji wa nchi. Kazi yake ilikuwa kulia mama wa mteule anapokufa, na alikuwa ameanza mapema ili awahi kurudi nyumbani.

Nikamwambia, "Kaka, pumzika kwanza."

Akanishukuru, akajifuta pua, akabaki amekaa ameduwaa.

Ndipo Skola akaingia. Amevaa joho la buluu linaloburuza chini, na jambo la kwanza nililofikiria ni matope. Nywele zimesukwa mtindo ambao mimi sijui kuusuka. Aliponiona, uso wake ulikuwa kama siku ile niliyomfuata shuleni na sweta mbele ya wenzake.

"Mama, na wewe umo?"

Nikamwambia nimo, na ninatakiwa kufa.

"Ni ukurasa mmoja tu," akasema, akitazama miguu yake. "Wote wanakufa. Halafu binti anakuwa shujaa."

Mara kikatembea kigoda. Kilikuja chenyewe kwa miguu yake mitatu, kikasimama katikati ya ukumbi, kikasema kwa sauti ya karani aliyechoka kwamba sheria isomwe. Bibi wa kwanza akasoma. Mama wa mteule ataketi kwenye kigoda. Atamuusia mwanawe. Hatakufa kabla ya kumaliza wosia, kwa kuwa wosia wa mama haukatizwi katika nchi hii hata na malkia. Akimaliza, atakufa papo hapo, na mkufu wake utamwendea binti.

Nikaomba kuuliza. Wosia unahesabiwa umemalizika wakati gani?

Kigoda kikajibu. Mama akirudia jambo alilokwisha kulisema, amemaliza. Mama akinyamaza pumzi saba, amemaliza.

"Na urefu wake?"

Mabibi Tisa wakatabasamu. Bibi wa kwanza akaniambia hakuna kipimo cha urefu, haijawahi kuwa na haja. Mama mmoja alisema, fuata nyota, mwanangu, akafa vizuri kabisa. Mwingine alisema, moyo wako unajua njia. Mama aliyeongea kuliko wote katika historia ya nchi yao alisema sentensi nne, na mpaka leo wanamsema kwamba alikuwa na mdomo.

Hapo ndipo walipokosea, kinamama wenzangu. Walitunga sheria ya wosia bila kumuuliza mama hata mmoja.

Nikaketi. Nikajifunga kanga vizuri kiunoni. Nikamshika Skola mkono, nikaanza.

Nikamwambia asinywe maji ya kijito kabla hajajua ng'ombe wanaingilia wapi. Nikamwambia viatu vipya havivaliwi safari ya kwanza. Asilale chini ya mti wenye ndege wengi. Asipande mgongoni kwa tai asiyemfahamu, na hata anayemfahamu aulize kwanza wanatua wapi. Nguo ya ndani ianikwe juani, si chini ya nguo nyingine kwa aibu. Siku zake zikimkuta jangwani atafanyaje, amebeba vitambaa vingapi, na kama hakubeba anafikiri jiwe linalowaka litamsaidia nini. Skola akafunika uso kwa mkono uliobaki. Mabibi Tisa wakatazamana, maana jambo hilo nalo halikuwa limeandikwa.

Kigoda kilikuwa kinahesabu chini yangu. La kumi na saba. La kumi na nane.

Nikaingia kwenye watu. Nikamwambia mtu akikuambia fumba macho nikuoneshe kitu, usifumbe. Akikuambia hili usimwambie mama, hilo ndilo la kuniambia kabla hujavua viatu. Usimcheke mwenye kigugumizi. Usimkabidhi mkoba wako mtu anayekusifu. Ukiingia nyumba ya watu, angalia mama wa nyumba hiyo anakaa wapi wakati wa kula. Mchawi akikukaribisha chakula, mpe yeye aanze.

La sitini na nne, kikasema kigoda. La sitini na tano.

Mlima ukaja. Uliingia ukumbini taratibu, ukaondoa theluji kichwani, ukauliza kama msafara bado unakuja, kwa sababu ulishajiandaa. Bibi wa tatu akauambia ukae. Nikatumia nafasi hiyo kumwambia Skola habari ya baridi ya mlimani, kwamba kifua kifunikwe hata kama jua linawaka, na mlima wenyewe ukatikisa kichwa kukubali.

Baadaye likaja joka. Lilikuwa na kikohozi kibaya. Likasema halina haraka, ila lilikuwa limeambiwa litapigwa ukurasa wa tisini na sasa halielewi. Nikaliambia kikohozi kile ni cha moshi, lipunguze, na usiku lisukutue kwa maji ya chumvi.

"Chumvi ilishasemwa," kigoda kikadakia. "La thelathini na mbili. Umerudia."

Mliaji akavuta hewa, tayari.

"Ile ilikuwa chumvi ya kubeba safarini kwa ajili ya chakula," nikasema. "Hii ni ya koo. Tena hii nimeliambia joka, sijamwambia mwanangu."

Kigoda kikafikiri. Nilikisikia kikifikiri, mbao zinalia.

"Inakubalika," kikasema.

Nikaendelea. Jua likazunguka ukumbi mara mbili, likachoka, likakaa dirishani. Nilimwambia habari ya meno, ya kucha, ya marafiki wanaoazima wasirudishe, ya namna ya kujua yai viza, ya kukataa bila kutoa sababu. Koo lilikuwa linawaka. La mia mbili na tisa. La mia mbili na kumi. Na kidogo kidogo nikaanza kuona mwisho wa maneno yangu, kama unavyoona chini ya ndoo.

Skola akauchomoa mkono wake.

"Mama, maliza," akasema. "Nimesikia. Hayo yote ni ya mtu wa kawaida. Mimi ni mteule. Wameniambia kwamba ni mimi peke yangu."

Nikatafuta neno. Sikulipata.

"Pumzi moja," kikasema kigoda. "Pumzi mbili."

Upanga, kule mlangoni, ukainamisha kichwa.

"Pumzi tatu. Nne."

Nilikuwa na jambo moja limebaki. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote nyumbani, si baba yake, si yeye. Nilikuwa nimelifungia mbali miaka mingi kiasi kwamba nilishasahau kuwa ni maonyo. Nililiona kama aibu tu.

"Tano. Sita."

"Na mimi niliteuliwa," nikasema.

Kigoda kikaacha kuhesabu.

Nikamsimulia. Nilikuwa na miaka kumi na minne kama yeye, nimemaliza darasa la saba, nimefaulu, na jina langu limebandikwa ukutani shuleni. Akaja kijijini mama mmoja aliyejiita mjumbe. Alikuwa amevaa vizuri na sauti yake ilikuwa ya upole. Akanishika kidevu mbele ya watu, akasema ameoneshwa uso wangu. Akasema juu ya mlima kuna jiwe linalowaka, litaponya wagonjwa wa nchi nzima, na mkono utakaoliokota ni mkono wangu.

Mama yangu alisimama mlangoni. Aliogopa kumpinga aliyetumwa. Akanifunga kitenge mabegani, akasema, "Nenda salama." Maneno mawili. Mpaka leo naamini alikuwa na mengine mia mdomoni, akayameza.

Tukapanda siku tisa. Mvua, ukungu, mahindi mabichi. Siku ya tisa tukafika kwenye korongo ambalo huwezi kuvuka. Yule mama akafumba macho, akafumbua, akasema ameoneshwa kwamba njia itafunguka mwaka ujao. Halafu akashuka kwa upande mwingine.

Niliporudi miguu ilikuwa imepasuka, nikalala na homa wiki tatu. Nilipoamka kwenda shule ya sekondari, nafasi yangu walikuwa wameshampa mwingine.

"Kwa hiyo nakuusia hili," nikamwambia Skola. "Mtu akikuambia wewe ni mteule, muulize ni nani wengine aliowaambia. Muulize kabla hujafunga mzigo. Mimi sikuuliza."

Skola alikuwa hatazami tena miguu yake.

"Mlikuwa wangapi?"

"Kumi na wawili. Kila mmoja aliambiwa ni yeye peke yake, na kwamba wale kumi na mmoja ni wa kumsindikiza."

Mliaji akaanza kulia, ila safari hii bila kazi, analia tu kama mtu.

Skola akasimama. Akawageukia Mabibi Tisa, akapiga goti kidogo kama nilivyomfundisha, akawauliza kwa heshima zote walishawateua wasichana wangapi. Bibi wa kwanza akatazama dari. Bibi wa sita akatazama kucha. Upanga ndio uliojibu, kwa sauti kubwa, kwamba ni mia nne, na huyu ni wa mia nne na moja.

Mwanangu akavua joho la buluu, akalikunja mara nne, akaliweka sakafuni, akalikalia. Akaurudisha mkono wake mkononi mwangu.

"Endelea, mama," akasema.

Bibi wa kwanza akasema hiyo haijawahi kutokea, mteule hawezi kuomba wosia uendelee. Kigoda kikamwambia sheria haijakataza. Kikasema pia kwamba kwa uzoefu wake, wosia ukishaombwa na mtoto hauna mwisho unaojulikana, na kwamba kuanzia sasa hadithi itabaki ukurasa wa kumi na mbili.

Tukasikia kelele za mbao kwa mbali. Ilikuwa foleni ya darajani inageuka. Wakaja wakiwa wametapakaa matope mpaka magotini, wasichana mia nne wenye majoho ya buluu, wakakaa ukumbini pembeni ya mlima na joka. Mmoja mdogo, amekonda, akainua mkono akauliza kama kuna chakula.

Nikawatazama Mabibi Tisa. Nikawaambia, kwa heshima, kwamba viazi nitatoa mimi, lakini kumenya watamenya wao.

Walimenya. Maganda yao yalikuwa manene ya kusikitisha, lakini walimenya. Joka liliwasha moto mdogo, bila moshi mwingi. Mliaji alikuja mwenyewe kukoroga, akasema alikuwa anatamani kazi hiyo tangu ukurasa wa pili. Bibi wa tisa alirukiwa na mafuta mkononi. Akashtuka, akautazama mkono wake muda mrefu, kisha akawaonesha wenzake mmoja mmoja.

Upanga ukaniomba ruhusa kulala. Nikauambia ulale.

Nami nikaendelea kuusia, sasa kwa watoto mia nne na mmoja, na walikuwa wanauliza maswali, na kila swali lilizaa jambo jipya, na kigoda kikaacha kuhesabu, kikasema kinasikiliza tu.

Nikaamka nikiwa bado naongea. Midomo inakwenda, sauti hakuna. Asubuhi. Kuku wa jirani wako dirishani kama kawaida yao.

Skola alikuwa ameshavaa sare, anafunga mkoba. Kitabu kile kinene kilikuwa juu ya mkoba, tayari kwa kurudishwa. Nikakigonga kwa kidole, nikamuuliza kwa macho.

"Nimekiacha jana usiku," akasema. "Wenzangu wanasema mwisho hakuna mwisho. Eti kuna daraja."

Nikatikisa kichwa, nikageukia jiko. Ndoto ni ndoto. Nilimmiminia uji, nikamsogezea sukari, akanywa amesimama kama anavyofanya siku zote ingawa nimeshamkataza. Akabeba mkoba. Akafika mlangoni. Akasimama.

"Mama," akasema, bila kugeuka. "Wale kumi na mmoja wa kukusindikiza. Walirudi wote?"

Nikaweka sufuria chini.

Nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Nikamvutia kigoda akae, maana shule ilikuwa bado nusu saa, nikamnyooshea mkono anipe kalamu.